Mchungaji Ambaye Hakuwapo

Mwalimu aliyenifundisha Reiki ngazi ya kwanza alianza na hadithi. Tulikaa mkekani, viatu tumeviacha mlangoni, akatueleza kwamba Mikao Usui alikuwa mchungaji wa Kikristo, mkuu wa chuo cha Doshisha kule Kyoto. Siku moja wanafunzi wakamuuliza Yesu aliponyaje wagonjwa kwa mikono. Akakosa jibu. Akaenda Marekani kusoma Chuo Kikuu cha Chicago, akarudi, akapanda mlima Kurama na kufunga siku 21, ndipo nguvu ikamshukia. Mimi niliyekulia kwenye kanisa la kuwekeana mikono sikuhitaji kushawishiwa zaidi.

Somo lenyewe halina mambo mengi. Mgonjwa analala na nguo zake. Unaweka viganja kichwani, kifuani, tumboni, bila kukanda, dakika kadhaa kila mahali. Rei ni roho, ki ni nguvu ya uhai. Sayansi haijathibitisha kwamba nguvu hiyo ipo, na anayeumwa asiache dawa zake.

Miaka ilipita kabla sijasoma tafsiri ya maandishi ya jiwe ambalo wanafunzi wa Usui walilisimamisha mwaka 1927 katika makaburi ya hekalu la Saihoji, Tokyo. Hekalu la Kibudha. Kurama ipo, siku 21 zipo. Limo pia tetemeko la Septemba 1923, lililoua watu zaidi ya 100,000, na Usui akizunguka mjini kuhudumia majeruhi. Uchungaji wa Kikristo haumo. Vyuo vyote viwili vilipoulizwa, havikuwa na kumbukumbu ya jina lake.

Hadithi ya mchungaji ilienezwa na Hawayo Takata. Alizaliwa Kauai, Hawaii, mwaka 1900, mtoto wa vibarua wa Kijapani wa mashamba ya miwa. Akafiwa na mume, akabaki na mabinti wawili na maradhi. Mwaka 1935 alikwenda Tokyo kutibiwa, akafikishwa kwenye kliniki ya Chujiro Hayashi, ofisa wa zamani wa jeshi la majini na mwanafunzi wa Usui. Akapata nafuu, akabaki kujifunza. Mwaka 1938 Hayashi akamtangaza kuwa mwalimu kamili.

Desemba 1941 Japani ikashambulia Pearl Harbor. Makasisi wa Kibudha wa Hawaii wakakamatwa. Huko bara Wajapani zaidi ya 110,000 wakafungiwa kambini. Sasa mjane wa Kijapani akuwekee mikono na kukuambia tiba hii imetoka kwa Mbudha wa Tokyo? Naona alimbatiza Usui ili Wamarekani wakubali kulala kitandani pake. Wapo wanaomwita mwongo. Mimi nashindwa, ingawa yaliyofuata yananipa shida: ngazi ya ualimu aliiuza dola 10,000, na hadi anafariki mwaka 1980 alikuwa amewapitisha walimu 22. Karibu Reiki yote iliyotoka nje ya Japani imepitia kwake, pamoja na mchungaji wake.

Nilimpigia mwalimu wangu nikamweleza habari za jiwe. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama viganja vyangu bado vinapata joto.

Vinapata. Nikamwambia hata hivyo, darasa lijalo awaambie habari za jiwe. Akasema atafikiria.