Michoro ya Kolo, jirani wa kale wa Mtumba

Michoro ya miambani ya Kondoa imetapakaa kwenye mapango na majabali zaidi ya 150, katika eneo la kilomita za mraba 2,336 kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, kaskazini mwa Mkoa wa Dodoma. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watumishi wengi wa Mji wa Serikali wa Mtumba walihamia huku wakiijua Dodoma kwa vumbi na zabibu. Kumbe urithi huu uko mkoa huohuo.

Njia ni moja: kutoka Mtumba hadi Dodoma mjini, kisha barabara ya Babati kupitia Chemba na Kondoa mpaka kijiji cha Kolo. Hii ni sehemu ya ile barabara ya kutoka Cape Town hadi Cairo waliyoiota wakoloni, lakini lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018 tu. Kabla ya hapo, masika ndiyo yaliyoamua nani afike.

Kolo kuna ofisi inayosimamia michoro hiyo, na hapo ndipo mgeni anapopata kibali na mwongozaji. Kinachofuata ni njia mbovu ya takriban kilomita 10, halafu kupanda kilima kwa miguu hadi kwenye majabali ya Mungomi wa Kolo. Chini ya mwamba uliochomoza kama paa la baraza wamo watu wembamba, warefu kupita kiasi, waliochorwa kwa rangi nyekundu. Kundi moja limezua ubishi mkubwa: watu watano, wa katikati akivutwa mikono kutoka pande zote mbili. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliona ni mwanamke anayetekwa. Watafiti wa baadaye waliona ni simbo, ngoma ya Wasandawe ambamo mchezaji hupandisha na wenzake humshika asianguke. Maelezo haya ya pili yana uzito zaidi, maana yanategemea desturi ya watu wanaoishi jirani na miamba hiyo.

Michoro myekundu, yenye twiga, tembo na pofu, huhusishwa na wawindaji na waokota matunda. Ile myeupe, minene na mara nyingi iliyochorwa juu ya ile ya zamani, ni ya wakulima na wafugaji waliokuja baadaye. Umri wa michoro hii yote bado unabishaniwa, ila desturi ya kuchora huko ina angalau miaka 2,000.

Serikali ya kikoloni ilianza kuilinda michoro hii kisheria mwaka 1937. Mwaka 1951 Mary Leakey na mumewe Louis walipiga kambi huko, wakanakili takriban michoro 1,600, kazi ambayo Mary aliichapisha kuwa kitabu mwaka 1983.

Kwa Warangi, wenyeji wa Kondoa, hata hivyo, Mungomi si makumbusho. Ni mahali pa matambiko: mvua ikikawia au ugonjwa ukizidi, mbuzi huchinjwa na pombe ya kienyeji hunyunyizwa mwambani. Wahifadhi hulalamika kuwa pombe hiyo inaiharibu michoro. Wazee nao wana hoja: bila tambiko, pengine mahali hapo pangekwisha kusahauliwa. Adui asiye na hoja yoyote ni msaka mali ya Wajerumani, anayechimba chini ya mapango usiku akiamini kuna dhahabu iliyofukiwa. Mashimo yake yanavuruga udongo wenye mabaki ya kale ambayo wanaakiolojia wangeyasoma tabaka kwa tabaka.

Anayekwenda Kolo avae viatu vya kupandia mawe na abebe maji ya kunywa. Maji hayo asiyamwagie mchoro ili ung'ae kwenye picha, kwa kuwa kila yanapopita huondoka na rangi.