BMW na Benz za mtumba Bukoba: ulizia injini kabla hujaulizia bei

Ikifika wiki ya mwisho ya Desemba, Bukoba mjini na barabara yote ya Muleba hujaa magari yaliyotoka Dar na Mwanza. Watu wamerudi nyumbani kula sikukuu. Katikati ya Noah na Harrier utaona BMW X3, Benz C-Class, mara moja moja Audi A4. Zinang'aa kweli, na sisi watu wa Kagera kupendeza hatujawahi kukataa.

Baadaye unasikia moja imebaki uani, imefunikwa turubai, inasubiri spea.

Mtaani jibu ni jepesi: "Mjerumani anasumbua." Si kweli moja kwa moja. Zipo injini za Kijerumani zinazodumu na zipo zinazofilisi, na zote zina nembo ileile mbele.

Kwanza hiyo bei. Huko Japan, BMW au Benz ya mtumba hushuka thamani haraka kuliko Toyota, ndiyo maana 320i inaweza kukutokea bei karibu na Toyota ya umri uleule. Ukiifikisha bandarini Dar, kuna ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, asilimia 30 likizidi miaka 10. Wengi wanamaliza hela hapo. Akiba ya matengenezo haipo, na gari ndiyo kwanza linaanza safari ya kuja Bukoba.

Injini zenye majina mabaya

Maarufu kuliko zote ni N47, dizeli ya BMW ya lita 2, hasa za 2007 hadi 2011. Cheni yake ya taiming inaweza kulika na kukatika. Lakini kinachoumiza ni pale ilipowekwa: nyuma ya injini, upande wa gia boksi. Kwa hiyo kubadilisha cheni tu, fundi anashusha gia boksi au injini nzima. Ikikatika ukiwa barabarani, valvu zinagongana na pistoni, na hapo unazungumzia injini nyingine.

Tuwe wakweli, hata Toyota IST ina cheni. Cheni yenyewe haina kosa. Kosa ni reli za plastiki zinazoiongoza, kikazio chake, na oili iliyokaa muda mrefu bila kubadilishwa.

N20, petroli yenye turbo iliyofungwa kwenye 320i nyingi za 2012 hadi karibu mwanzo wa 2015, ina ugonjwa huohuo wa reli za plastiki. Marekani wamiliki walikwenda mahakamani na BMW ikakubali makubaliano ya kurudisha gharama kwa waliohusika. Wewe uliyenunua mtumba wa Japan, hayo hayakuhusu.

N46 iko kwenye 320i za zamani na X1 18i. Hii inakula oili. Sili za valvu zikikakamaa, asubuhi unatoa moshi wa bluu. Gari linaendelea kutembea, na hapo ndipo watu wanaposahau kupima oili hadi injini inaanza kugonga.

Kwa Benz, angalia M271 ya C180 na C200. Cheni inarefuka na gia za kamshafti zinalika. M272 ya V6, zile za mwanzo hadi karibu 2006, ina gia ndogo ya shafti ya mizani inayolika kabla ya wakati, na kuifikia lazima injini ishuke. Audi na Volkswagen za 2.0 TFSI za karibu 2009 hadi 2011 nazo hula oili kwa sababu ya ringi za pistoni.

Sasa kichekesho. Wengi huchagua lita 2 kukwepa ushuru wa bidhaa, maana injini inayozidi cc 2000 inatozwa asilimia 10 badala ya 5. Lakini N52 ya silinda sita, ile ya 325i na X3 2.5si isiyo na turbo, kwa kawaida ni ngumu kuliko N46 au N20. Unaokoa asilimia tano bandarini, unailipa gereji.

"Ongeza maji twende"

Hapa ndipo injini nyingi zinapofia. N52 na N20 zina wota pampu ya umeme. Haivutwi na mkanda, na mara nyingi hufa gari likifika karibu kilomita 100,000. Tena BMW nyingi za miaka ile hazina geji ya joto la maji kwenye dashibodi. Unaona onyo tu, basi.

Chukulia uko Kimwani, kusini mwa Muleba, jioni, onyo limewaka. Mazoea ya Toyota yanasema: pumzika, ongeza maji, sogea taratibu mpaka mjini. Kwa pampu iliyokufa, maji uliyoongeza hayazunguki. Dakika chache silinda hedi ya alumini inapinda. Zima, tafuta gari la kukuvuta. Itauma, ila ni nafuu.

Na pampu mpya ikifungwa, hewa lazima itolewe kwa utaratibu wake: kwa N52, swichi imewashwa, injini imezimwa, hita juu kabisa, unakanyaga mafuta sekunde 10, kisha pampu inajizungusha yenyewe kama dakika 12. Fundi asiyejua atakurudishia gari likichemsha upya. Tena N52 ina bolti za alumini za kutumika mara moja. Akizirudisha zilezile, jiandae.

Spea zenyewe ziko mbali. Mwanza ni takriban kilomita 400, Kampala kama 300 kupitia Mutukula na ushuru unakusubiri mpakani, Dar ni safari ya zaidi ya kilomita 1,300. Kila siku ya kusubiri ni nauli za boda. Injini ya mtumba ni njia ya mkato, lakini nayo inakuja na reli zilezile za plastiki zilizozeeka.

Unaangaliaje?

Soma kadi ya gari. Namba ya injini ya Benz ikianza na 271 au 272, ushajua uko wapi. Kwa BMW, chukua herufi na tarakimu 7 za mwisho za namba ya chesisi, zitafute mtandaoni. Utapata aina ya injini na mwezi ilipotengenezwa.

Usidanganywe na kilomita chache. Plastiki na mipira huzeeka kwa miaka na joto, hata gari likiwa limelala. Ukishanunua, badilisha oili kila kilomita 5,000 hadi 8,000, hata kama kompyuta ya gari inakwambia bado 20,000, na iwe ile inayotajwa kwenye kitabu cha gari.

Kubwa zaidi, sikiliza injini ikiwashwa ya baridi. Cheni iliyolegea hutoa mlio wa kukwaruza sekunde mbili tatu za mwanzo, kisha inanyamaza. Kwa hiyo ukifika uguse boneti. Ukikuta ya moto, muuzaji ameshawasha gari kabla yako. Mwambie utarudi kesho asubuhi.