Kuchagua Kipimo cha UVIKO-19 Pale Rasilimali Zinapokuwa Chache

Kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya virusi katika sampuli ya puani au kooni, ndicho rejea ya kuthibitisha maambukizi ya UVIKO-19. Hata hivyo, huhitaji maabara yenye umeme wa uhakika, vitendanishi vinavyotunzwa kwenye ubaridi na wataalamu waliofunzwa. Sampuli ya mgonjwa wa zahanati ya kijijini ikisafirishwa kwa siku kadhaa, majibu hurejea akiwa tayari amewaambukiza wengine. Usahihi wa namna hiyo humfaa mtunza takwimu kuliko mgonjwa.

Septemba 2020, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa matumizi ya vipimo vya haraka vya antijeni, ambavyo hutambua protini za virusi na kutoa majibu ndani ya dakika 15 hadi 30. Vilitakiwa kubaini angalau asilimia 80 ya walioambukizwa, na kutoa majibu hasi kwa angalau asilimia 97 ya wasioambukizwa, vikilinganishwa na PCR. Hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya siku 5 hadi 7 tangu dalili kuanza, virusi vinapokuwa vingi mwilini.

Maana ya majibu hayo hutegemea pia kundi linalopimwa. Katika watu 1,000 ambao 200 wameambukizwa, kipimo chenye viwango hivyo kitawabaini 160 na kuwapa majibu chanya yasiyo sahihi watu 24. Endapo walioambukizwa ni 10 tu, watabainika 8, ilhali watu wapatao 30 wasio na virusi wataambiwa wanavyo. Kwa hiyo, kupima umma usio na dalili wakati maambukizi ni machache ni kumaliza akiba ya vipimo bila faida. Vipimo vilivyopo vielekezwe kwanza kwa wenye dalili, watumishi wa afya na waliokaa karibu na wagonjwa, hususan pale majibu yatakapobadilisha uamuzi wa tiba au wa kumtenga mgonjwa. Majibu hasi kwa mtu mwenye dalili za wazi hayatoshi kuondoa shaka. Inapowezekana, sampuli yake ipimwe kwa PCR.

Hospitali zenye mashine za GeneXpert, zinazotumika kupima kifua kikuu, zinaweza kupata majibu ya vinasaba kwa takriban dakika 45. Mashine ni zilezile, hivyo matumizi yasiyopangwa humchelewesha mgonjwa wa kifua kikuu.

Mwaka 2020 Rwanda ilitumia njia ya kuchanganya sampuli za watu kadhaa na kuzipima pamoja kwa PCR. Mchanganyiko ukitoka hasi, wote huhesabiwa hawana maambukizi na vitendanishi huokolewa. Faida hiyo hupungua maambukizi yanapoenea, kwa kuwa michanganyiko mingi hutoka chanya na upimaji hulazimika kurudiwa.

Vipimo vya kingamwili havifai kuthibitisha ugonjwa unaoanza, kwani kingamwili aghalabu huonekana wiki 1 hadi 2 baada ya dalili kujitokeza.