Nyaya mbili za pampu: kisanduku kilichozifikishia mtandao mashine za zamani

Ukivuka daraja la Kilifi ukashika njia ya Malindi, barabara inakupitisha Matsangoni kabla hujafika Gede. Kulia kwako, upande wa bahari, ziko Uyombo na hori ya Mida. Kushoto uko msitu wa Arabuko-Sokoke. Ardhi ya ukanda huu wa bahari ni jiwe la matumbawe, na kwa mwenye kisima jiwe hilo ndilo habari yenyewe. Maji matamu yameelea juu ya maji ya chumvi. Pampu ikivuta kwa pupa, chumvi hupanda, na kisima kikishaingia chumvi huchukua muda mrefu kupona. Ndiyo maana pampu ya mwambao haitoshelezwi na mtu wa kuiwasha asubuhi na kuizima jioni. Inahitaji wa kuisimamia: aipunguze kasi, apime kina cha maji, apime chumvi, aizime mapema, hata kama mwenyewe yuko Mombasa au Doha.

Usimamizi wa aina hiyo hupitia kisanduku kidogo kinachoenea kiganjani. Upande mmoja kina tundu la waya wa mtandao. Upande wa pili kina skrubu mbili tatu zilizoandikwa A, B na pengine G. Mafundi wengi hukiita konveta, basi. Hupokea ujumbe uliokuja kwa mtandao na kuutoa biti moja baada ya nyingine kwenye nyaya mbili, kwa mtindo uitwao siriali, ambao kidhibiti cha pampu kilitoka nao kiwandani. Jibu la pampu nalo hukirudia kisanduku, likafungashwa upya na kutumwa lilikoulizwa. Historia ya kitu hiki kidogo inarudi nyuma takriban miaka 150, na baadhi ya sura zake zimeandikwa kwenye mwambao huu huu.

Mwaka 1879 kampuni ya Eastern and South African Telegraph ililaza waya wa telegrafu baharini kutoka Aden hadi Zanzibar na kuendelea kusini. Mombasa iliunganishwa na Zanzibar mwaka 1890, na mwanzoni mwa muongo huo Imperial British East Africa Company ikasimamisha nguzo za telegrafu kutoka Mombasa kwenda Malindi na Lamu. Mwambao ulipata waya wa habari kabla ya reli, ambayo ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896. Lakini waya ule ulikuwa wa kampuni na wa serikali. Mkulima wa Kigiriama aliyepanda mahindi karibu nao hakuwa na la kuutumia.

Huko Ufaransa, Émile Baudot alikuwa amepata hataza mwaka 1874 ya telegrafu iliyoandika kila herufi kwa alama tano, kila alama ama ipo ama haipo. Kipimo cha kasi ya laini, baudi, kinabeba jina lake hadi leo. Mashine za kuandika kwa mbali zilizofuata mwanzoni mwa karne ya 20 zikaongeza alama ya kuanzia na ya kumalizia katika kila herufi, ili mashine mbili zisizofuata saa moja zisipotezane. Fundi anayefungua ukurasa wa mipangilio wa konveta leo na kukuta maswali kuhusu kasi, idadi ya biti na biti ya kumalizia, anajibu maswali ambayo wahandisi wa telegrafu walikwisha kuulizana kabla babu yake hajazaliwa.

Mwaka 1960 chama cha viwanda vya elektroniki cha Marekani kilitoa kiwango cha RS-232, kilichoeleza namna mashine ya kuandika au kompyuta inavyoungana na modemu. Ilikuwa kazi ya busara na ya unyenyekevu: volti chanya kwa sifuri, volti hasi kwa moja, na waya usiozidi mita 15 hivi. Toleo la 1969, RS-232-C, ndilo lililoenea hadi likawa nyuma ya kila kompyuta ya ofisini kwa miaka mingi. Kisha mwaka 1971, katika mtandao wa utafiti wa ARPANET, kampuni ya BBN ikaleta mashine iliyoitwa TIP. Iliruhusu hadi vituo 63 vya kuandikia, vyenye nyaya zao za siriali, viingie mtandaoni bila kuwa na kompyuta kubwa ya kuvibeba. Kwangu mimi hiyo TIP ndiyo mzazi wa konveta ya leo. Ilikuwa na ukubwa wa kabati, lakini kazi ni ile ile.

Katika miaka hiyo hiyo, kaskazini kidogo ya Malindi, jambo jingine lilikuwa likiendelea. Tarehe 26 Aprili 1967, Waitalia wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma walirusha setilaiti ya San Marco 2 kwa roketi ya Kimarekani aina ya Scout, kutoka jukwaa lililosimama baharini mbele ya Ngomeni. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, jukwaa hilo hilo likarusha Uhuru, setilaiti ya kwanza kutengwa kwa ajili ya kuchunguza vyanzo vya eksirei huko angani. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alipata Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Makala nyingi za Ngomeni huishia kwenye roketi. Mimi naomba tutazame nyaya. Roketi ilisimama kwenye jukwaa la San Marco, nao walioiamuru walikaa jukwaa jingine, Santa Rita, mamia ya mita kutoka pale, maana hakuna mwenye akili anayekaa kando ya mafuta ya roketi yakiwashwa. Kati ya majukwaa hayo zilipita nyaya chini ya maji, zikibeba amri kwenda na vipimo kurudi. Roketi ya mwisho iliondoka Machi 1988. Kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka 20, mwambao wa Kilifi ulikuwa na watu waliofanya kile ambacho mwenye kisima cha Matsangoni anakitaka leo: kuiambia mashine ya mbali ifanye nini, na kupata jibu lake.

Viwandani tatizo lilikuwa jingine. Mita 15 hazitoshi hata kuvuka karakana. Mwaka 1979 kampuni ya Modicon ya Marekani ilitunga Modbus, utaratibu mfupi wa maswali na majibu: bwana mmoja anauliza, mtumwa mwenye namba yake anajibu, wengine wote kimya. Mwaka 1983 kikatoka kiwango cha RS-485. Hiki hakipimi volti ya waya mmoja dhidi ya ardhi; kinapima tofauti kati ya nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, kwa hiyo kelele ya mota inayoziingia zote mbili kwa usawa hujifuta. Waya wake unaweza kufika mita 1,200, na vifaa 32 vya kawaida vikakaa kwenye laini moja. Modbus juu ya RS-485 ndiyo ndoa iliyodumu kuliko zote katika udhibiti wa mitambo. Utaikuta kwenye vidhibiti vya pampu za sola, kwenye mita za umeme, kwenye jenereta za hoteli.

Konveta yenyewe ilikomaa kati ya miaka ya 1980 na 1990, wakati Etheneti, iliyobuniwa Xerox PARC mwaka 1973, ilipokuwa ikienea maofisini. Kwanza vilikuja visanduku vikubwa vya kuunganisha vituo vingi na seva. Baadaye vikapungua vikawa vya poti moja. Oktoba 1997 ukatoka mwongozo wa RFC 2217, ulioiwezesha kompyuta kubadili kasi na mipangilio ya poti ya siriali iliyo mbali kana kwamba imechomekwa mgongoni mwake. Miaka miwili baadaye Modbus ikapewa njia yake rasmi ya kupita mtandaoni, kwenye poti namba 502.

Wakati huo Kenya ilikuwa bado inategemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na dunia, kwa bei kubwa. Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa, kisha EASSy mwaka uliofuata, na simu za mkononi zikapeleka mtandao kwenye vijiji ambavyo havijawahi kuona waya wa simu. Hapo ndipo kisanduku kilipoanza kuwa na maana Matsangoni.

Kukifunga si kazi ngumu, ila ina mahali pa kupotezea siku nzima. Namba ya kifaa, kasi na biti lazima zilingane pande zote. Kidhibiti kikiwa 9600 na konveta 19200, hakuna kitakachosikika isipokuwa takataka. Skrubu za A na B ni mtego wa zamani, kwa sababu watengenezaji hawakukubaliana ipi ni ipi. Fundi mzoefu akikosa jibu huzibadilisha kwanza, kabla ya kulaumu kitu kingine chochote. Waya mrefu unataka kizuizi cha omu 120 kila mwisho ili mawimbi yasirudi nyuma. Na huku pwani, penye hewa ya chumvi na radi za masika, kisanduku kiwekwe ndani ya boksi lililozibwa vizuri, na kiwe cha aina inayotenganisha umeme wa upande mmoja na wa mwingine, la sivyo radi moja ya mbali huondoka na kila kitu.

Kisha kuna suala la ukimya, ambalo naliona ndilo kiini cha kazi yote. Modbus ya siriali hutambua mwisho wa ujumbe kwa kusikiliza kimya cha muda wa herufi tatu na nusu. Kwa kasi ya 9600 huo ni muda wa milisekunde nne tu. Mtandao wa simu haujui adabu hiyo. Unaweza kuukata ujumbe vipande viwili na kuchelewesha cha pili mara kumi zaidi. Konveta inayopitisha baiti kama zilivyo itakipa kidhibiti nusu ya swali, nacho kitanyamaza. Ndiyo maana kwa pampu iliyo nyuma ya laini ya simu ni bora kutumia konveta inayoielewa Modbus: inasubiri ujumbe mzima ufike, kisha inauzungumza kwa mkupuo mmoja kwenye nyaya. Programu ya upande wa pili nayo iambiwe isubiri sekunde kadhaa kabla ya kukata tamaa. Tena kisanduku chenye laini ya simu kwa kawaida hakina anwani ya IP inayofikika kutoka nje, kwa hiyo chenyewe ndicho kipige simu kwenda kwenye seva, kisingoje kupigiwa.

Hilo la mwisho lina faida ya usalama pia, na hapa sitaki kuzungumza kwa upole. Modbus haina nywila. Anayeufikia mlango anaiamuru mashine. Tarehe 23 Desemba 2015 wavamizi waliingia kwenye kompyuta za kampuni tatu za kusambaza umeme nchini Ukraine na kuwazimia wateja wapatao 225,000. Baada ya kukata umeme waliharibu programu ya ndani ya konveta zilizokuwa kwenye vituo, ili waendeshaji wasiweze kutuma amri ya kurudisha. Mafundi walilazimika kwenda vituoni na kufunga swichi kwa mikono. Wavamizi wale walijua thamani ya kisanduku ambacho wenye mitambo wengi hawakijui hata jina. Pampu ya maji ya kijiji isiachwe wazi mtandaoni na nywila ya kiwandani, hata kwa wiki moja ya majaribio.

Mwishoni mwa 2021 shamba la umeme wa jua la megawati 52 lilianza kazi Langobaya, bara ya Malindi, na juu ya mapaa ya mahoteli na shule za mwambao paneli zinazidi kuongezeka. Inveta za kawaida zinazouzwa kwa kazi hiyo bado zina skrubu za A na B. Mwaka 2019 kilitoka kiwango cha Etheneti kinachotembea kilomita nzima juu ya nyaya mbili tu, kwa nia ya kuirithi RS-485 kabisa. Vifaa vyake bado ni ghali na ni vichache madukani. Pampu inayotumbukizwa kisimani leo itatoka na laini yake ya siriali, na kama imefungwa vizuri itakuwa bado inauliza na kujibu kwa baudi 9600 miaka 15 ijayo, kompyuta iliyoipangia ikiwa imeshabadilishwa mara tatu.