Ziwa Ngozi: mlima mfupi wa kuanzia kwa mtu wa Unguja

Unguja haina mlima. Masingini, panapohesabika kuwa pa juu kabisa kisiwani, hapafiki hata mita 200 kutoka usawa wa bahari. Ukitaka kuzoesha miguu kupanda, utaishia kwenye ngazi za nyumba za Mji Mkongwe. Ndiyo maana kijana wa huku akiwaza mlima anawaza Kilimanjaro moja kwa moja, siku tano au sita na gharama ya kutisha, na safari inafia hapo hapo.

Iko njia fupi. Mkoani Mbeya, kwenye safu ya milima ya Uporoto, upo mlima Ngozi wenye kilele cha mita 2,620. Unapanda na kushuka ndani ya nusu siku, na juu unakuta ziwa kubwa ambalo kwa Wasafwa wa eneo hilo ni mahali pa tambiko tangu enzi. Jina usilichanganye na ngozi ya ng'ombe. Ramani nyingine huandika Ngosi.

Ziwa lenyewe

Ngozi ni volkano. Inakadiriwa ililipuka mara ya mwisho karibu mwaka 1450. Kwa kulinganisha tu, msikiti wa Kizimkazi Dimbani, wenye maandishi ya mwaka 1107, ulikuwa umeshasimama zaidi ya miaka 300. Sehemu ya mlima ilididimia na kuacha shimo, shimo likajaa maji. Leo ziwa lina urefu wa kama kilomita 2.5, kina kinazidi mita 70, na hakuna mto unaotoka humo juu ya ardhi. Hutajwa kuwa la pili kwa ukubwa barani Afrika kati ya maziwa ya kreta. Maji yake ni ya kijani, na wenyeji watakuonyesha jinsi umbo lake linavyofanana na ramani ya Afrika. Ukilitazama kwa nia njema, utaiona.

Moto wa chini haujazimika. Kampuni ya serikali ya jotoardhi, TGDC, inalifanyia kazi eneo hilo ili joto la ardhini lizalishe umeme.

Kufika

Boti kutoka bandari ya Malindi hadi Dar es Salaam ni kama saa mbili. Kutoka hapo una mabasi ya Mbeya, zaidi ya kilomita 800 kupitia Mikumi, mteremko wa Kitonga na Iringa, siku nzima kwenye kiti. Treni ya TAZARA inachelewa zaidi ila unanyoosha miguu. Ratiba yake hubadilika, kwa hiyo uliza kabla ya kukata tiketi ya boti. Mwenye nafasi kidogo anaruka hadi uwanja wa Songwe.

Mbeya mjini lala walau usiku mmoja. Mji uko kwenye mita 1,700 hivi, na mwili wa mtu wa pwani unahitaji kuzoea hewa hiyo kwanza. Asubuhi panda gari la Tukuyu, shuka Isongole, kisha bodaboda ikupeleke hadi msitu unapoanza. Njiani utapita mashamba ya viazi pande zote. Huenda mbatata za urojo wako wa Forodhani zilitoka hapa.

Msitu unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kuna kiingilio, na raia halipi sawa na mgeni wa nje, kwa hiyo kitambulisho kiwe mfukoni.

Kupanda

Kutoka msitu unapoanza, ni kama saa moja kwa mwendo wa kawaida. Mwanzo ni laini, chini ya miti mikubwa, mianzi na migomba pori. Angalia juu uone mbega weusi kwa weupe, siyo kima punju wekundu wa Jozani, na kwenye matawi ya chini mtafute kinyonga mwenye pembe tatu, Trioceros fuelleborni, ambaye makao yake ni milima hii na jirani zake.

Mwisho ndipo kazi. Njia inasimama wima, udongo unateleza, na unashika mizizi kujivuta. Malapa yaache Unguja. Vaa viatu vyenye meno, na hata kama jua linawaka Mbeya mjini, beba koti la mvua na sweta. Upande huu wa Rungwe hupata mvua nyingi mno kuanzia Novemba hadi Mei. Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba, ila Juni na Julai baridi yake si mchezo.

Mara miti inafunguka na ziwa liko kama mita 200 chini yako. Hapa ukingoni ndipo wengi wanapoishia. Siyo ncha ya mita 2,620, hiyo iko juu zaidi kwenye ukingo huo huo, lakini kwa mara ya kwanza panatosha kabisa.

Hatari inaanzia hapo. Ziwa linaonekana karibu, na mtu aliyepanda vizuri anajiona anaweza kushuka aguse maji. Ukuta wa kreta ni mkali kuliko njia uliyopandia, na kurudi juu miguu ikiwa imechoka ni habari nyingine. Bila mwenyeji anayeijua njia, na siku ya mvua hata ukiwa naye, usishuke. Kuogelea usifikirie: maji ni baridi, kina ni kirefu, na hakuna boti ya kukuokoa.

Mahali pa watu

Usitafute jengo la ibada, halipo. Ziwa lenyewe ndilo. Wapo wanaoamini maji yake yana tiba, na waganga huja kuyachota. Aliyewahi kufika pango la Kuumbi, Jambiani, au mzimu wowote wa kwao anajua namna ya kukaa mahali kama hapa: sauti chini, huokoti kitu, hutupi chupa, na ukikuta mtu kwenye shughuli yake simu inabaki mfukoni.

Anza asubuhi mapema, adhuhuri iwakute mmesharudi barabarani, maana mchana ukungu hupenda kufunika kila kitu. Ukibakiwa na siku moja, lala Tukuyu ukaone Daraja la Mungu, daraja la mwamba juu ya mto Kiwira. Huko hakuna kupanda.