Mwandishi wa Makauboi Aliyeingia Ujiji

Novemba 10, 2021, kwa kalenda ya Henry Morton Stanley mwenyewe, ilitimia miaka 150 tangu amkute mmisionari na mvumbuzi Dk. David Livingstone pale Ujiji. Kisa hicho kinafahamika sana Kigoma. Kisichosemwa sana ni mahali Stanley alikojifunzia kusimulia: katika nchi ya makauboi, Marekani.

Mwaka 1867 alikuwa mwandishi wa gazeti la Missouri Democrat, akifuatana na jeshi la Jenerali Hancock lililopelekwa kukabiliana na wenyeji wa nyanda za magharibi. Huko alimhoji Wild Bill Hickok, mpiga bastola mashuhuri wa zama za makauboi, akaandika kuwa Hickok amekwisha kuua Wazungu zaidi ya mia. Wanahistoria hawaiamini hesabu hiyo, ila sifa za namna hiyo hazikufa: miaka ya 1950 Hickok alikuwa na vitabu vya katuni vyenye jina lake.

Machi 1871 Stanley aliondoka Bagamoyo. Vita vya Mirambo, mtawala wa Wanyamwezi, vikafunga njia ya kutoka Tabora kwenda Ujiji, msafara ukazungukia kusini, kisha ukaingia Uha, nchi ya Waha. Hapo ndipo kitabu chake cha 1872 kinapochemka. Mtawala mmoja anadai hongo ya nguo, analipwa; mwingine anadai, analipwa; habari zinakuja kwamba mbele wapo wengine. Stanley anamkodi mwenyeji awatoroshe usiku kupitia porini. Mwanamke mmoja wa msafara anapopiga mayowe, anachapwa viboko na kufungwa kitambaa mdomoni. Msomaji wa London alitakiwa awaone Waha kama majambazi. Si kweli. Hongo ilikuwa ushuru wa njia, na wenye nchi walikuwa na haki ya kuutoza.

Hata ile salamu mashuhuri ya Stanley, “Dk. Livingstone, nadhani?”, ina utata. Tim Jeal, katika wasifu wa Stanley wa mwaka 2007, anasema ilitungwa baadaye. Kurasa za shajara ya Stanley zinazohusu tukio hilo zimechanwa. Aliyemwamkia Stanley kwanza ni Susi, mtumishi wa Livingstone, tena kwa Kiingereza.

Leo jumba la kumbukumbu la Ujiji linaonyesha sanamu za Wazungu wawili wakisalimiana. Sidi Mubarak Bombay, kiongozi wa askari wa Stanley, hana nafasi ya kumfaa, na hiyo ni dhuluma. Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni na kupelekwa India, alifika Ujiji na wavumbuzi Burton na Speke mwaka 1858, miaka 13 kabla ya Stanley. Baadaye alivuka bara na mvumbuzi Cameron hadi Atlantiki. Mchoraji wa katuni anayetafuta shujaa wa safari za hatari angeanza na yeye.