Kahawa Inapovuka Mto Kagera: Historia Inatuambia Nini?

Kila msimu wa kahawa unapowadia, mazungumzo ya Kayanga, Omurushaka na Nkwenda huwa yale yale. Viongozi hutangaza doria, na mkulima anayekutwa usiku na magunia katika njia ya Murongo huitwa mhujumu uchumi. Leo napenda tuiweke hasira kando, tuisome historia. Inalo jambo moja la kutuambia: kahawa hufuata bei nzuri na fedha taslimu, na hakuna amri iliyowahi kuizuia kwa muda mrefu.

Biashara ya kuvuka Mto Kagera ni kongwe kuliko mpaka wenyewe. Speke na Grant walipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861, tayari wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na Bweranyange. Karagwe ilikuwa njia kuu ya kwenda Buganda. Kisha, tarehe 1 Julai 1890, Waingereza na Wajerumani waligawana nchi hizi kwa mkataba uliotiwa saini mbali na hapa, na baadaye mto ukafanywa mpaka kwa upande wetu. Mnyambo na Mnyankole wakawa watu wa dola mbili, ilhali lugha zao zinasikilizana bila mkalimani.

Serikali ya kikoloni nayo ilijaribu kuisimamia kahawa kwa kanuni. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walizipinga waziwazi, na viongozi wao wakakamatwa. Hawakuwa wakiikataa kahawa. Walikataa kuamriwa juu ya mali yao bila kuulizwa. Jibu lao la kudumu lilikuja mwaka 1950, chama kikuu cha ushirika cha Bukoba kilipoundwa. Mwaka 1976 Serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika, na mazao yakakabidhiwa mamlaka za umma. Ushirika uliporudi katika miaka ya 1980, ulirudi kwa sheria, lakini imani iliyovunjika hairejeshwi na sheria peke yake. Karagwe ilipata chama chake kikuu, KDCU, mwaka 1990.

Sasa tuwatazame majirani. Katikati ya miaka ya 1970, baridi kali ya mwaka 1975 ilipoharibu mibuni ya Brazil, bei ya dunia ilipanda mno. Mkulima wa Uganda alilipwa kidogo na bodi ya serikali, hivyo kahawa ikavushwa kwa magendo kuingia Kenya, na soko la Chepkube likavuma. Idi Amin alituma vikosi vyenye silaha. Magendo hayakukoma. Lakini Uganda ilipouondoa ukiritimba wa bodi yake mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wanunuzi wakaanza kushindana, nchi iliyokuwa ikivujisha kahawa ikawa ndiyo inayoivuta kahawa ya jirani, yetu ikiwamo. Mto haukuhama, wala Waganda hawakugeuka wazalendo usiku mmoja. Kilichobadilika ni malipo.

Mwaka 2018 Serikali yetu iliagiza kahawa yote iuzwe kupitia vyama vya ushirika. Nia ilikuwa njema: kumaliza butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa. Butura ni dhuluma, sina shaka. Tena magendo huinyima halmashauri ushuru, na chama huachiwa madeni. Hayo yote ni kweli. Lakini tujiulize: mama mwenye watoto wanaohitaji sare na madaftari mwezi Januari, naye atavuna katikati ya mwaka, aende wapi? Akishavuna, akapewa malipo ya awali na ahadi ya nyongeza isiyo na tarehe, anayempa fedha mkononi leo atakuwa ndiye rafiki yake, hata kama anampunja.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Tuanze na mizani kabla ya vizuizi vya barabarani: mkulima alipwe siku anapopima, ajue bei ya soko, na aone makato yote kwa maandishi. Vyama vya msingi viwe na mfuko wa mkopo mdogo wa miezi ya ukata, kwa maana huko ndiko butura huzaliwa. Na viongozi wa ushirika wasomewe hesabu zao mbele ya wanachama, kwa lugha wanayoielewa.

Wagombea watakuja tena kutuomba kura Karagwe na Kyerwa. Tusiwaulize wamekamata magunia mangapi. Tuwaulize mkulima amesubiri malipo yake siku ngapi. Mkulima anayevuka mto usiku, akihatarisha mzigo na uhuru wake, amekwisha kupiga kura yake juu ya mfumo wetu wa soko. Ni wajibu wetu kuihesabu.